Hasi 40 Nachingwea

Mashine ya kusomea injini ilikuwa ikionyesha kwamba maji ya kupozea yana baridi ya nyuzi hasi 40. Ilikuwa Oktoba, saa nane mchana, Nachingwea, korosho zimeanza kuanguka na boneti ya gari haishikiki kwa mkono mtupu. Fundi aliitazama ile namba, akaipa mgongo, akaenda kuchukua kipande cha waya. "Hapa sensa haijasema kitu," alisema. "Hapa kompyuta imekosa mtu wa kuzungumza naye."

Nimekaa sana kwenye gereji za Nachingwea na Ruangwa, nikiwatazama mafundi wa umeme wa magari, na nimefika mahali pa kuamini kwamba kauli kama hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kuchomoa sensa na kufunga nyingine ni shughuli ya dakika chache. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza ataiweza akielekezwa spana gani ashike. Kujua kama sensa ndiyo yenye kosa ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo fundi anapotofautiana na fundi.

Sensa ya joto la maji ni kitu kidogo, hakizidi kidole gumba. Ndani ya kichwa chake cha shaba kuna kipande cha madini kinachopitisha umeme kwa shida kikiwa cha baridi na kwa wepesi kikipata moto. Kwenye injini ya Toyota ya 1NZ-FE, ambayo ndiyo iliyomo kwenye IST na Probox nyingi tunazopishana nazo barabarani huku, sensa hiyo ikiwa kwenye nyuzi 20 ukinzani wake huwa kati ya omu 2,000 na 3,000, na ikifika nyuzi 80 hushuka hadi omu mia tatu na ushei. Kompyuta ya gari hutuma volti 5, hutazama zimebaki ngapi, kisha hukokotoa joto. Waya ikikatika, umeme haupiti hata chembe, na kompyuta haina namna ya kuelewa isipokuwa kwamba baridi imepita kiasi. Huandika hasi 40, mwisho wa kipimo chake. Waya mbili zikigusana, huandika 140, mwisho wa upande wa pili. Kwa hiyo ile hasi 40 haikuwa joto la kitu chochote. Ilikuwa taarifa kwamba njia imekatika mahali fulani: kwenye waya, kwenye soketi, au ndani ya sensa yenyewe. Ni wapi kati ya hapo, namba haikusema.

Mwenye gari alikuwa mama anayeuza vyombo vya nyumbani kwenye magulio. Asubuhi gari lilikuwa linawaka kwa kubembelezwa, na feni ilizunguka tangu swichi inapofunguliwa hadi inapofungwa. Hivyo ndivyo kompyuta za magari mengi zilivyofundishwa: zikipoteza habari za joto la maji, hujikisia kwamba injini imeshapata moto wa nyuzi 80, hupunguza mafuta ambayo injini baridi huyahitaji asubuhi, na feni huachwa izunguke kwa usalama. Mama alikuwa ameshapita kwenye gereji nyingine, ameambiwa sensa imekufa, amenunua mpya. Sensa mpya imefungwa, taa bado inawaka. Na duka la spea halikuipokea tena, kwa sababu vifaa vya umeme vikishanunuliwa havirudishwi.

"Mwanangu, mpya hiyo imo, na risiti ninayo," alisema.

"Nimeiona, mama. Naomba usinunue kitu kingine kwanza. Nipe muda niifuate hii waya."

Alichomoa soketi ya sensa, akaunganisha matundu yake mawili kwa kile kipande cha waya. Kama njia nzima hadi kwenye kompyuta ingekuwa salama, namba ingeruka papo hapo kutoka hasi 40 hadi 140. Haikuruka. Kwa tendo hilo moja sensa zote mbili, ya zamani na mpya, zilitoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Lakini hakuishia hapo, na hilo ndilo lililonivutia. Aliomba maji ya moto kwa mama ntilie wa jirani, akatumbukiza kichwa cha sensa ya zamani kwenye kikombe, akashika nyaya za multimita na kumwita mwenye gari aje aone. Namba kwenye multimita ilikuwa inateremka kadiri shaba ilivyopata moto, ikaja kutulia. Mama hakuwa na haja ya kujua omu ni nini. Aliona kitu kinachodaiwa kufa kikijibu.

Kisha ikaja sehemu ya kuchosha, ambayo mafundi wengi huikwepa. Waya za injini husafiri pamoja zimeviringishwa tepu, na ndani ya tepu kuna nyingine nyingi za rangi zinazofanana. Aliifungua tepu kidogo kidogo kuanzia kwenye sensa kurudi nyuma, akiivuta ile waya taratibu kila baada ya inchi kadhaa. Shaba iliyo nzima haivutiki. Shaba iliyokatika ndani ya ganda lililo zima hukuachia mpira peke yake, na mpira hurefuka. Ilirefuka pale fungu la waya lilipokuwa likisugua kwenye chuma cha kushikilia betri. Kwa nje palikuwa na alama tu ya kuchubuka. Alipopasua ganda, shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani.

Alikata sehemu iliyooza hadi akapata shaba inayong'aa, akaunga kipande kipya cha unene uleule, akakichoma kwa lehemu badala ya kukisokota tu, akavisha ganda la kukazwa kwa moto, akafunga upya kila kitu kwa tepu na kulihamisha fungu zima mbali na kile chuma. Namba ikasoma 91. Sensa ya zamani aliirudisha kwenye injini kwa sababu ni nzima na ni ya kiwandani. Ile mpya akamwambia mama aihifadhi kwenye kikasha cha dashibodi. Alichouza siku ile ni waya isiyofika mita moja.

Ukiuliza vitu hivi vimeingiaje kwenye magari yetu, jibu linaanzia mbali. Mwaka 1831 Michael Faraday, Mwingereza aliyepitia uanafunzi wa miaka saba kwa mtengenezaji wa vitabu, alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na waya iliyoviringishwa huzaa umeme. Mwaka 1833 akaandika juu ya kitu kingine: kiasi fulani cha salfaidi ya fedha kilipitisha umeme vizuri zaidi kilipopata moto, kinyume na metali za kawaida. Sensa ya krenki, nitakayoifikia, inaishi kwa jambo la kwanza, sensa ya maji kwa la pili. Kisha ukapita muda mrefu, hadi moshi wa magari ulipolifunika jiji la Los Angeles na serikali ya California ikaanza kuwabana watengenezaji. Mwaka 1976 Volvo na Bosch walileta sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, ili kompyuta ijue mafuta yameungua sawasawa au la. Kufikia 1996 kila gari dogo jipya lililouzwa Marekani lililazimika kuwa na soketi ya aina moja ya kusomea hitilafu. Magari yetu yanatoka Japani, mengi yakiwa yameshatumika huko miaka kadhaa, lakini umbo la soketi ile yenye matundu 16 chini ya usukani ni lilelile.

Umbo tu, wakati mwingine. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani mara nyingi huzungumza kwa utaratibu wake, na kile kifaa cha bei ndogo cha kuunganisha na simu huambulia ukimya. Hapo ndipo nimeona jambo ambalo naliheshimu kuliko mashine yoyote. Kwenye Toyota nyingi za aina hiyo, fundi huunganisha tundu la 4 na la 13 kwa waya nyembamba, hufungua swichi bila kuwasha injini, kisha hukaa kimya na kuitazama taa ya injini kwenye dashibodi. Taa huanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mara mbili tena, ni 22, mambo ya joto la maji. Tatu na moja ni upande wa hewa inayoingia. Moja na mbili, au moja na tatu, ni mawimbi ya krenki na kamu. Tano na mbili ni sensa inayosikiliza mgongo wa injini kama inagonga. Mwanafunzi anahesabu kwa sauti, fundi anahesabu moyoni, wanalinganisha. Na kabla ya yote anamwonyesha mwanafunzi tundu la 16, lenye umeme wa betri moja kwa moja, ili asije akalishika kwa bahati mbaya na kuunguza kitu cha thamani kuliko mwenye gari anavyoweza kulipa.

Namba, ziwe za kupepesa au za kuandikwa, hutaja mtaa na wala hazitaji nyumba. Wale tunaowaita fundi maiko husoma mtaa wakavunja nyumba ya kwanza wanayoikuta. Hakuna mahali ambapo hilo hudhihirika kama kwenye vumbi.

Anayeijua njia ya Nachingwea hadi Ruangwa wakati wa kiangazi anajua ninachosema. Sasa lami imeingia Ruangwa kutokea Nanganga, lakini bado zipo barabara za vijijini ambako ufuta, mbaazi na korosho hutoka kwa Fuso na Noah, na kila gari linalotangulia humwachia wa nyuma wingu jekundu. Injini inavuta hewa hiyo. Kichujio hukamata sehemu kubwa. Kinachopita hukutana na sensa ya hewa. Ndani yake kuna waya nyembamba sana inayopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huipoza, kompyuta huongeza umeme ili joto lake libaki vilevile, na kwa kiasi ilichoongeza hujua gramu ngapi za hewa zimeingia kila sekunde. Injini ya lita moja na nusu ikiwa imetulia bila kukanyagwa mafuta huvuta kama gramu mbili. Vumbi likiganda kwenye ile waya huwa blanketi, na sensa huanza kutaja hewa pungufu kuliko iliyoingia. Mafuta hupimwa kwa hesabu hiyo ya uongo, hivyo huwa machache. Sensa ya oksijeni huko nyuma huona oksijeni imebaki na kupeleka habari, kompyuta huongeza mafuta, huongeza tena, na ikifika kikomo cha kuongeza huwasha taa na kuandika P0171: mchanganyiko mwepesi.

Mwenye haraka husoma hapo, hukumbuka kwamba habari ya wepesi imeletwa na sensa ya oksijeni, na huibadilisha hiyo. Yaani katika mlolongo mzima anamtupa yule mmoja aliyesema kweli. Inaniuma kila ninapoiona, maana sensa ya oksijeni si ya bei ndogo, na mteja wa Ruangwa anayelipa mwezi Machi analipa kwa pesa ya korosho iliyouzwa zamani. Huku fedha nyingi huja kwa msimu: minada ya ufuta katikati ya mwaka, minada ya korosho kuanzia Oktoba, chini ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika kilichobeba herufi za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Spea isiyo ya lazima iliyonunuliwa kati ya misimu huweza kuwa ada ya mtoto.

Fundi mvumilivu hutazama kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia ngapi, na huitazama katika hali mbili: injini imetulia, kisha injini imekanyagwa hadi mizunguko 2,500 hivi. Kama kuna mpira uliopasuka nyuma ya sensa unaoingiza hewa ya wizi, hitilafu huwa kubwa injini inapotulia, kwa sababu hewa halali ni kidogo na ya wizi ni sehemu kubwa. Ukikanyaga, hewa halali hujaa na ile ya wizi hupoteza uzito. Kama ni vumbi kwenye waya, kukanyaga hakuiponyi hitilafu, na mara nyingi huizidisha. Tofauti hiyo ya asilimia, inayoonekana kwa mtu anayejali kuitafuta, huokoa bei ya sensa nzima. Waya ya sensa ya hewa husafishwa kwa dawa yake ya kupuliza na kuachwa ikauke. Haiguswi kwa kitambaa, haiguswi kwa ukucha, haipigwi upepo wa kompresa. Na baada ya kuisafisha, fundi niliyemtazama Ruangwa alitumia muda mrefu zaidi kwenye sanduku la kichujio kuliko kwenye sensa: klipu moja ilikuwa imevunjika, kifuniko hakikai, na ukingo wa ndani ulikuwa na mstari mwekundu wa udongo kuonyesha vumbi linakopitia. Alitengeneza klipu ya waya ngumu, akahakikisha kifuniko kinabana pande zote.

Kesi iliyonifunza zaidi ilikuwa ya mwalimu wa sekondari ambaye gari lake lilikuwa linazima njiani. Linatoka Ruangwa vizuri, linakwenda saa nzima, linazima ghafla bila kukohoa. Anakaa kando ya barabara nusu saa, anapiga stata, linawaka kama halijawahi kufanya kosa. Taa ya injini haikuwa inawaka wakati wote, na kila alipolifikisha gereji lilikuwa zima. Plagi zilibadilishwa. Koili ikabadilishwa. Pampu ya mafuta ikabadilishwa, na kwa pampu kulikuwa na hoja, kwa sababu lilipozima, mtu mmoja alitega sikio kwenye tangi na hakusikia mlio wake.

Yule fundi wa Nachingwea alimsikiliza mwalimu hadi mwisho. Halafu aliuliza maswali ambayo wengine hawakuwa wameuliza: lilizima mlimani au tambarare, mshale wa mizunguko ulianguka taratibu au ulikatika, ulipopiga stata ukiwa umekwama mshale ulinyanyuka hata kidogo? Mwalimu akafikiri. Hapana, mshale ulilala kabisa.

"Basi mwalimu, leo sitagusa kitu," alisema. "Likiwa zima hivi halina cha kunionyesha. Tulisubiri liumwe."

Kwa mteja aliyekwisha kutoa fedha nyingi, maneno hayo ni magumu kupokea. Mwalimu aliyapokea. Gari liliwashwa na kuachwa liungurume chini ya mkorosho na boneti imefungwa ili joto lisitoke. Fundi aliendelea na kazi nyingine ya pikipiki, lakini vifaa vyake kwa ajili ya gari la mwalimu vilikuwa vimepangwa tayari juu ya gunia: multimita imewekwa kwenye kipimo cha ukinzani, mashine ya kusomea imechomekwa, kitambaa na ndoo ya maji. Alijua kwamba gari likizima atakuwa na dakika chache tu kabla halijapoa na kuficha ugonjwa wake. Walilizungusha mjini, wakalirudisha, likaendelea kuunguruma. Kivuli kilihama. Hatimaye likazima.

Hakukimbia. Alipiga stata akitazama mashine: injini inazunguka kwa nguvu ya betri, na kompyuta inasoma mizunguko sifuri. Hapo palikuwa na jibu karibu lote. Kompyuta haikuwa inaona krenki ikizunguka. Isipoiona, haitoi cheche, haifungui nozeli, na kwenye gari kama lile haiwashi hata pampu ya mafuta, kwa sababu kwa ujuzi wake injini imesimama, na kusukuma mafuta kwenye injini iliyosimama ni hatari. Pampu iliyonyamaza ilikuwa inatii amri. Wangapi wameng'oa pampu nzima kwa sababu hiyo!

Sensa ya krenki ni sumaku na waya nyembamba iliyoviringishwa mara nyingi. Mbele yake kwenye injini ya 1NZ-FE huzunguka sahani yenye meno 34, na mahali palipostahili meno mawili mengine pameachwa wazi. Kila jino likipita huzaa wimbi dogo la umeme, kama alivyoonyesha Faraday; pengo likipita wimbi hukosekana, na kwa kukosekana huko kompyuta hujua pistoni zimefika wapi. Sensa hiyo ikiwa ya baridi, ukinzani wake unapaswa kuwa kati ya omu 985 na 1,600. Fundi alipolala chini na kugusa ncha za sensa ya mwalimu ikiwa ya moto, multimita haikuonyesha omu yoyote. Njia ilikuwa imefunguka. Ndani ya ile waya nyembamba palikuwa na ufa, vitu vikitanuka kwa joto unaachana, vikisinyaa unashikana. Aliiwekea kitambaa kilicholoweshwa maji, akasubiri huku ameshikilia multimita. Namba ilitokea kwa kuruka ruka, ikatulia kwenye elfu moja na mia kadhaa. Mimi ningetangaza ushindi hapo. Yeye aliwasha gari tena, akasubiri lizime mara ya pili, akapima tena, akaona kitu kilekile. Ndipo aliposema, "Mwalimu, hii ndiyo ya kununua."

Sensa iliagizwa Kariakoo kwa kutuma picha ya namba iliyochapwa kwenye ganda lake, fedha zikaenda kwa simu, kifurushi kikaja kwa basi. Kabla ya kuifunga, fundi aliipima ikiwa ya baridi, akaitia kwenye mfuko wa nailoni na kuizamisha kwenye maji ya moto, akaipima tena. Spea mpya kwake bado ni kitu kisichothibitishwa, na nadhani hapo ana haki kabisa, kwa jinsi soko letu lilivyo na vitu vinavyofanana kwa sura.

Nachingwea ina sababu yake ya kuheshimu mtu anayepima kwanza. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika na nchi za jirani kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukitazama ardhi kutoka angani, ukapendekeza mashamba ya karanga ya ekari zaidi ya milioni tatu. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kutoka kwenye mabaki ya vita, mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa. Bandari ya kina kirefu ilianzishwa Mtwara na reli ikajengwa kuja huku. Mvua za miaka mingi hazikuwa zimepimwa vya kutosha, udongo haukuwa umepimwa vya kutosha, na mashine zilikufa haraka kuliko mafundi walivyoweza kuzirudisha. Januari 1951 mpango ukafutwa, fedha za Uingereza zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimekwenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, na baadaye vyuma vikang'olewa. Wazee wa huku waliishi katikati ya jambo hilo na hawahitaji kusimuliwa na mimi. Nalitaja kwa sababu ndani ya gereji ya mabati, kwa multimita ya bei ya kawaida, naona watu wakiutenda utaratibu ambao mpango ule mkubwa uliukosa.

Na wameupata wapi? Wengine kwa kukaa miguuni mwa fundi mkubwa tangu wakiwa wa kuosha vyuma kwa dizeli. Wengine kwenye vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ambako umeme wa magari ni fani inayojitegemea. VETA pia huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza mtaani, na hilo ni jambo jema. Wapo watu huku wenye mikono ya uhakika ambao hawajawahi kukaa darasani kwa ajili ya kazi hii. Ningependa waende wengi zaidi, kwa sababu kinachokuja ni kigumu. Ruangwa ina madini ya kinywe, yanayohitajika katika betri za magari ya umeme. Magari hayo hayana krenki wala nozeli, lakini pakiti ya betri imejaa sensa za joto za jamaa ileile ya kipande cha madini kinacholegea kwa moto, na waya zake zitakatika kama zinavyokatika zetu.

Lililo gumu leo ni malipo. Mteja huona haya kulipa asipopewa kitu kipya mkononi. Akifungiwa sensa ya shilingi laki moja atalipa laki moja na ya ufundi bila neno. Akiambiwa sensa yako ni nzima, tatizo lilikuwa waya, huanza kuuliza bei ya waya. Utaratibu huo humwadhibu fundi mkweli na kumlipa anayebahatisha. Fundi wa Nachingwea siku hizi hutaja mwanzoni kabisa kwamba kupima kuna bei yake, tofauti na bei ya kufunga, na huandika mistari miwili kwenye risiti. Wapo wanaowasha gari na kuondoka. Mwalimu alilipa mistari yote miwili, na nadhani ni kwa sababu alikaa chini ya ule mkorosho akaona saa zikipita.

Fundi huyo ana daftari la shule lenye jalada gumu. Humo ameandika aina ya injini, kisha kila kipimo alichokipata kwenye gari ambalo halina tatizo: omu za sensa ya krenki, gramu za hewa injini ikiwa imetulia, volti za sensa ya oksijeni, joto ambalo feni huanza kuzunguka. Vitabu vya kiwanda huvipata kwa shida, na hata akivipata haviandiki gari lenye miaka 20 linaloishi kwenye vumbi hili linasomaje likiwa na afya. Kurasa za magari mabovu zimejaa. Zilizopungukiwa ni za magari mazima, kwa sababu mwenye gari zima hana shida ya kuja gereji, na akiombwa dakika kumi huogopa kwamba litaharibiwa. Ukipita Nachingwea na gari lisilo na kasoro, fundi akakuomba achomeke mashine yake aandike namba chache, mruhusu.